Mwindaji na Mnyama: Jawabu kwa Ndugu wa Bumala

Ama baada ya kumhimidi Mola wetu, ndugu yetu mmoja mwenye duka Bumala, karibu na mpaka wa Busia na Malaba, ametuandikia suali ambalo darsa yetu imelizungumza nyusiku mbili. Asema kuwa upande wa Kenya kuwinda kumekatazwa, na upande wa Uganda kuna mahali watu hupewa kibali wakawinda. Naye huletewa kwa siri nyama ya porini kutoka ng'ambo, na muuzaji humwapia kuwa imechinjwa kwa Bismillahi. Je, ainunue? Tena auliza: yawezekanaje mwindaji kuitwa mlinzi wa wanyama, na kazi yake ni kuua?

Suali la pili ndilo zito, basi tuanze nalo.

Asili ya mawindo ni halali, na vitabu vya fiqhi vina mlango wake. Walakin mwenye kuusoma mlango huo ataona masharti mengi. Aliyehirimia hawindi mnyama wa bara, na akimuua kwa kusudi hulipa mfano wake katika mifugo kwa hukumu ya watu wawili waadilifu. Katika Haram ya Makka hata asiyehirimia hawindi. Na kumfanya kiumbe hai shabaha ya mchezo ni haramu popote. Sharia, basi, haimjui mwindaji asiye na mpaka.

Tutazame mfano wa kwetu pwani. Bara ya Malindi wako Waata, ambao wengi huwaita Waliangulu, mabingwa wa upinde waliokuwa wakiua ndovu kwa mshale wa sumu. (Na nyama ya ndovu, kwa madhehebu yetu ya Shafi, si halali, lakini hayo ni mengine.) Walizijua nyayo, visima na majira kuliko afisa yeyote. Pembe zilishuka pwani kwa wafanya biashara, wala tusijifanye hatujui kuwa miongoni mwao walikuwamo wazee wetu. Ilipofanywa mbuga ya Tsavo mwaka 1948 mapori yale yakawa marufuku kwao, na katika msako wa 1956 na 1957 wengi walitiwa gerezani. Mwenye upinde huonekana porini. Mwenye mizani haonekani upesi. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, mashariki ya mbuga, ili Waata wawinde kwa kibali na kwa hesabu. Haukudumu.

Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilikataza mawindo yote. Je, wanyama walipona? Mwanzoni mwa miaka ya sabini ndovu wa Kenya walikadiriwa kupita 160,000. Ilipofika 1989 hawakufika 20,000. Hatusemi kuwa marufuku ndiyo yaliyowaua. Waliuawa kwa bunduki na kwa bei ya pembe. Tunasema kuwa amri peke yake haikuwa ngao. Asije mtu, basi, akadhani kibali ndiyo dawa: Tanzania huruhusu mawindo, na ndovu wake walishuka kutoka kiasi cha 109,000 mwaka 2009 hata kiasi cha 43,000 mwaka 2014. Na Kenya, marufuku yangalipo, ilihesabu ndovu 36,280 mwaka 2021. Mwenye kutaka hoja ya upande mmoja hataipata hapa.

Linalofaa kuangaliwa ni lile lililofanywa Uganda, pembezoni mwa mbuga ya Ziwa Mburo, tangu 2001. Wafugaji wa huko walimwona swala pala kuwa mla majani ya ng'ombe wao, wala hawakusikitika akiuawa. Yaliporuhusiwa mawindo ya kibali, kwa idadi iliyowekwa, sehemu ya ada ikawa yao. Tangu hapo swala akiibwa usiku kuna mtu aliyepata hasara. Mwindaji wa namna hiyo halindi kwa risasi yake; hulinda kwa hesabu anayoifuata na kwa haki anayomlipa jirani. Ukiiondoa hesabu, au jirani akadhulumiwa fungu lake, amebaki muuaji tu.

Sasa ile nyama. Iliyoletwa kwa siri haina kibali wala hesabu. Mwenye mamlaka akihifadhi kitu kwa maslaha ya watu, kama Sayyidna Umar alivyohifadhi malisho ya Rabadha, si halali kukichukua kwa mlango wa nyuma, na Bismillahi haiusafishi wizi. Juu ya hayo, wezi wa mawindo aghlabu hutumia mtego wa waya, na mnyama aliyenyongwa akafa kabla ya kisu ni mzoga. Muuzaji ameapa, lakini alikuwapo kwenye mtego, au naye aliletewa? Ndugu yetu asinunue. Ile aliyokwisha kuila bila ya kujua, Mola ni Mwenye kusamehe. Iliyobaki asiile wala asimuuzie mtu, na fedha aliyoitoa asiidai kwa kumlazimisha muuzaji alete nyingine.