DAWA YA USINGIZI HUENDA WAPI MGONJWA ANAPOAMKA?

Tuchukue mfano wa kijana mchimbaji wa dhahabu aliyeangukiwa na kifusi ndani ya duara, akavunjika mguu. Amefikishwa hospitali, akachomwa sindano ya ketamini ili mfupa unyooshwe bila yeye kuhisi maumivu. Robo saa baadaye anafumbua macho, anamwita kaka yake kwa jina na kuomba maji. Ndugu waliomleta kutoka Ushetu wanafurahi. Wanasema dawa imekwisha. Mmoja tayari ameshika kikombe cha uji, na mwingine anauliza kama pikipiki iletwe mlangoni.

Imekwisha wapi? Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ketamini ile ingali ndani ya mwili wake. Uji ule unaweza kuingia mapafuni badala ya tumboni, kwa kuwa koo la mtu aliyeamka nusu halijarudiwa na uwezo wake wa kuilinda njia ya pumzi. Katika makala haya tutaeleza jinsi mtu anavyoweza kuamka huku dawa ikiwa bado imo mwilini, na jinsi dawa nyingine inavyoweza kuipinga ile ya kwanza. Mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne anayejua kazi ya moyo, ini na damu hatapata shida kufuata.

Majaruba ya mpunga

Kila mkulima wa mpunga katika nchi ya Shinyanga anayajua majaruba. Tufikiri majaruba matatu yaliyopangana kwenye mteremko. La juu ni dogo, la kati ni kubwa, la chini ni kubwa zaidi, na katika tuta la mwisho pana tundu dogo la kutolea maji. Ukimimina maji mengi kwa ghafula katika jaruba la juu, litajaa mara moja. Lakini baada ya muda mfupi maji yatavuka tuta na kuenea katika majaruba ya chini, na lile la juu litabaki na maji kidogo. Mtu anayelitazama lile la juu peke yake atasema maji yamekwisha shambani, kumbe yamehama tu. Yaliyotoka kabisa kwa lile tundu ni machache mno.

Ubongo ni jaruba la juu. Uzito wake ni kiasi cha asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, walakini hupata kiasi cha asilimia 15 ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa hiyo dawa iliyodungwa katika mshipa huufikia ubongo mapema na kwa wingi. Misuli, ambayo ni mingi lakini hupata damu kidogo kwa kulinganisha na uzito wake, ni jaruba la kati. Mafuta ya mwili ni jaruba la chini: hupokea polepole, lakini hupokea kingi. Ini, ambalo huivunjavunja dawa kwa vimeng'enya vyake ili figo ziitoe katika mkojo, ndilo tundu la kutokea.

Mfano uliochunguzwa sana ni thiopentali, ambayo ilianza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1934. Mgonjwa aliyedungwa thiopentali hulala katika muda wa nusu dakika hivi, na asipoongezewa huamka baada ya dakika 5 hadi 10. Sasa tufanye hesabu. Ini huweza kuvunja kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya dawa hii kwa saa moja. Tuseme mgonjwa alipewa miligramu 300, akaamka baada ya dakika 10, yaani moja ya sita ya saa. Tukichukua ile asilimia 15, ini limevunja asilimia 2.5 tu, ambayo ni miligramu 7.5. Mgonjwa amefumbua macho huku miligramu 292.5 zingali mwilini mwake, ila zimehamia katika misuli na zinaanza kuingia katika mafuta.

Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini sindano ya nne au ya tano ya dawa kama hii haifanani na ya kwanza. Majaruba ya chini yakiwa yamejaa, maji ya jaruba la juu hayana pa kwenda. Mgonjwa hulala saa nyingi, akisubiri tundu lile dogo lifanye kazi yake.

Ketamini hufuata njia iyo hiyo, ingawa ini huivunja kwa kasi zaidi. Mkemia Calvin Stevens aliitengeneza huko Marekani mwaka 1962, na ilitumiwa kwa mwanadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1964. Katika hospitali za wilaya huthaminiwa kwa sababu kwa kawaida haizuii pumzi wala haishushi msukumo wa damu kama zifanyavyo dawa nyingi za jamii hii, na haihitaji mtambo. Lakini haina dawa ya kuipinga. Aliyepewa ketamini hamwagiwi maji baridi, hapewi maziwa, hatikiswi. Hungojwa, akilazwa ubavu na kuangaliwa pumzi.

Dawa za kuvuta, kama vile halotheni na etha, hazilitegemei ini kwa kiasi hicho. Sehemu kubwa ya dawa hizo hutoka kwa njia ile ile ziliyoingilia, yaani mapafuni, na ndiyo maana harufu ya etha huweza kusikika katika pumzi ya mgonjwa muda mrefu baada ya upasuaji.

Dawa inayoipinga dawa

Baadhi ya dawa zina wapinzani wake. Mofini na pethidini hufanya kazi kwa kukaa juu ya vipokezi maalumu katika ubongo, mfano wa mtu anayekalia kigoda. Naloksoni, iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, hukikalia kigoda kile kile na kumsukuma aliyekuwapo, lakini yenyewe haileti usingizi wala haizuii pumzi. Mgonjwa ambaye pumzi yake ilikuwa karibu kukoma kwa wingi wa pethidini huweza kuvuta pumzi sawasawa baada ya dakika moja au mbili tu. Anayeliona jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani ni muujiza.

Lakini pethidini haikutoka mwilini. Imeondolewa kigodani tu, nayo inazunguka katika damu ikingoja nafasi. Kwa urahisi wa hesabu, tuseme kiasi cha naloksoni hupungua nusu kila saa 1, na kile cha pethidini hupungua nusu kila saa 4. Baada ya saa 4 naloksoni imebaki moja ya kumi na sita, lakini pethidini imebaki nusu nzima. Nani atakikalia kigoda? Mgonjwa aweza kulala tena, na pumzi yake kupungua tena, usiku, wakati kila mtu ameshaondoka akiamini kwamba hatari imepita. Kwa sababu hiyo muuguzi hukataa kumruhusu mgonjwa wa namna hii aende nyumbani, hata akiwa anazungumza na kucheka.

Waganga wa wanyama wa porini wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari wa mifugo A. M. Harthoorn, aliyefanya kazi Kenya na Uganda, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwalaza wanyama wakubwa wa Afrika Mashariki kwa etofini, dawa ya jamii ya mofini ambayo nguvu yake huizidi mofini zaidi ya mara elfu moja. Tembo dume mzima, mwenye uzito wa tani kadhaa, huangushwa kwa miligramu 10 hadi 20 tu. Dawa hiyo hutumika hata leo katika mbuga kama Serengeti, kaskazini-mashariki ya Shinyanga, tembo anapovishwa ukanda wa redio au faru anapohamishwa. Kazi ikiisha, mnyama hudungwa mpinzani, na baada ya dakika chache husimama. Lakini katika baadhi ya wanyama etofini hutolewa na ini pamoja na nyongo hadi utumboni, kisha hufyonzwa tena na kurudi katika damu. Mnyama aliyekwenda zake akiwa mzima huweza kupumbaa saa kadhaa baadaye, na simba hawamsubiri azinduke. Kwa hiyo kwa faru hupendelewa naltreksoni, mpinzani anayekaa kigodani muda mrefu zaidi.

Pamba, tumbaku na chumba cha upasuaji

Jambo la mwisho linawahusu wakulima moja kwa moja. Katika upasuaji mkubwa mgonjwa huweza kupewa pia dawa ya kulegeza misuli. Mojawapo ni suksamethoniamu, ambayo hupooza misuli yote, hata ya kuvutia pumzi, kwa dakika chache tu, kwa sababu katika damu mna kimeng'enya, kolinesterasi, kinachoivunja upesi. Wako watu wachache waliozaliwa na kimeng'enya hicho kikiwa dhaifu, nao hupooza kwa saa nzima au zaidi na ni lazima wapuliziwe hewa muda wote huo.

Sasa, dawa za kuua wadudu za jamii ya oganofosfati huua kwa kuvizuia vimeng'enya vya namna hiyo hiyo. Mkulima wa pamba au tumbaku wa Ushetu aliyenyunyizia shamba kwa siku kadhaa bila kujikinga, kisha akapelekwa kufanyiwa upasuaji, aweza kuchelewa sana kurudiwa na pumzi yake. Mtaalamu wa usingizi akimwuliza, “Umepiga dawa shambani hivi karibuni?” hamwulizi habari za mavuno. Na asipouliza, yafaa mgonjwa au ndugu zake waseme wenyewe.

Zoezi la darasani

Twaa kopo jembamba na beseni pana, uviweke juu ya meza moja, kila kimoja kikiwa na maji kidogo ya kimo kimoja. Viunganishe kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, ncha moja ndani ya kopo na nyingine ndani ya beseni. Mimina kikombe kimoja cha maji ndani ya kopo. Pima kimo cha maji ya kopo kwa rula kila baada ya nusu dakika, na uchore grafu. Maji yakitulia, mimina kikombe cha pili, kisha cha tatu na cha nne, ukipima vivyo hivyo. Linganisha mahali maji ya kopo yalipotulia kila mara. Je, ni maji kiasi gani yaliyotoka mezani?