Mtoto Anayeona Rangi Katika Namba



Mtoto wako wa darasa la pili anakuambia, "Mama, tano ni nyekundu, na kengele ya kanisa inalia njano." Je, utamcheka? Utamkemea kwamba ni mwongo? Au utadhani amerogwa? Tujifunze kwanza.

Ni hali gani?
Mungu ametupa milango mitano ya fahamu, na kila mmoja una kazi yake. Lakini kwa watu wachache mlango mmoja ukiguswa, mwingine nao huitika. Wako wanaoona rangi wasikiapo muziki. Wengine kila herufi au namba ina rangi yake. Wachache husikia neno na kupata ladha mdomoni. Wataalamu huiita sinesthesia. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2006 ulikuta watu wapatao 4 katika kila 100 wanayo kwa namna fulani.

Je, ni ugonjwa?
Hapana. Huanza utotoni, na mara nyingi huonekana kwa ndugu wa ukoo mmoja. Wala si kubuni: mwenye hali hii ukimwuliza leo, kisha ukamwuliza tena baada ya miezi mingi bila kumwarifu, karibu rangi zote atazitaja zilezile.

Olivier Messiaen (1908-1992), Mkatoliki wa Ufaransa, alipiga kinanda katika kanisa la Trinité mjini Paris tangu mwaka 1931 hadi kufa kwake. Alieleza kwamba sauti zilimletea rangi, naye alizitumia katika kutunga muziki wa kumtukuza Mungu.

Mzazi afanye nini?
1. Msikilize na umwulize kwa upole.
2. Usimpige, wala usimpeleke kwa mganga. Mtoto anayechekwa hunyamaza. Akizoea kunyamaza, hata siku anapoumwa hatasema.
3. Mweleze mwalimu wake. Rangi hizo zaweza kumsaidia kukumbuka, lakini namba iliyoandikwa kwa chaki ya rangi nyingine yaweza kumchanganya.

Tahadhari
Mtu akianza ghafla kuona rangi au mimweko asiyoizoea, hasa baada ya kuumia kichwa, au pamoja na kifafa, maumivu makali ya kichwa au kupungua kwa uwezo wa kuona, awahishwe hospitali.

Jioni ya leo, kabla ya sala ya familia, waulize watoto wako: "Jumatatu ina rangi gani?" Huenda mmoja akajibu mara moja, bila hata kufikiri. Usimcheke.