Protini kama Neno: Vijenzi vya Chanjo ya Malaria na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi wanasayansi wanavyounda protini mpya kwa kuunganisha vijenzi. Mfano unaotumika ni chanjo za malaria zilizojaribiwa Kilifi, kaskazini mwa Mombasa. Inadaiwa humu kwamba mofolojia ya Kiswahili inatosha kuieleza kazi hiyo, na kwamba kosa la neno moja katika maelezo linaweza kumnyima mtoto kinga.

1.0 Utangulizi

Apitaye Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, huiona milango ya nakshi. Mlango wa aina hiyo si ubao mmoja. Una miimo, vizingiti, mbao mbili na mfaa unaoziba mwanya baina ya mbao hizo. Fundi huchonga kila kipande kwa kazi yake, kisha huviunganisha.

Biolojia ya uundaji ina wazo linalofanana na hilo. Mwaka 2003, Tom Knight wa chuo cha MIT nchini Marekani alipendekeza vipande vya DNA vipewe ncha za namna moja, ili kila kipande kiweze kuungana na kingine. Katika makala hii, kipande chenye kazi yake maalumu tunakiita kijenzi. Hata hivyo, wazo lenyewe lilitangulia jina la taaluma. Chanjo ya RTS,S ilianza kubuniwa mwaka 1987.

2.0 Uchanganuzi wa RTS,S

Mwanafunzi wa isimu huligawa neno walipika kuwa wa-li-pik-a, akaeleza kazi ya kila mofimu. Na tuichanganue RTS,S vivyo hivyo.

(a) R ni sehemu ya protini inayofunika kimelea cha malaria kinapoingizwa mwilini na mbu. Sehemu hii ni mfano mzuri wa uradidi: asidi amino nne, yaani asparajini, alanini, asparajini na prolini, hurudiwa mfululizo.

(b) T ni sehemu nyingine ya protini hiyo hiyo, inayotambuliwa na seli T za kinga.

(c) S ni protini ya ganda la kirusi cha homa ya ini aina ya B. Kazi yake ni kubeba. Protini za S hujikusanya zenyewe zikawa chembe ndogo, na chembe hiyo huionyesha R mbele ya kinga ya mwili.

Mkato uliomo katika jina nao una maana. Seli za hamira zilizopewa jeni husika hutengeneza protini mbili kwa pamoja: RTS iliyoungana, na S iliyo peke yake. Kwa hiyo, jina hili ni muhtasari wa muundo.

3.0 Kijenzi na Jirani Yake

Je, kijenzi hufanya kazi ile ile popote kiwekwapo? Jibu limo katika sarufi yetu. Kiambishi cha kutendea huwa -i- katika pikia, lakini huwa -e- katika somea. Mofimu ni moja, umbo hutegemea irabu ya mzizi. Hali kadhalika, kijenzi cha protini huathiriwa na jirani zake na seli kinamotengenezwa. Hii ndiyo sababu kuunda seli ni kugumu kuliko kupanga matofali.

Chanjo ya R21, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford, inathibitisha hoja hii. Vijenzi vyake vinafanana na vya RTS,S, lakini haina S ya ziada. Kwa hiyo, sehemu ya kimelea huonekana kwa wingi zaidi juu ya chembe. Chanjo zote mbili zilijaribiwa Kilifi, miongoni mwa vituo vingine vya Afrika. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi ya RTS,S kwa watoto mwezi Oktoba 2021, na ya R21 mwezi Oktoba 2023. Nchini Kenya, RTS,S ilizinduliwa Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019.

4.0 Neno Linapokosewa

Tuchukulie kwamba mzazi anaambiwa: "Chanjo hii ina kimelea cha malaria na kirusi cha homa ya ini." Sentensi hiyo ni fupi, inakumbukika, na ni ya uongo. Mzazi mwenye busara atamchukua mwanawe aondoke. Iliyo sahihi ni hii: "Chanjo hii ina kipande cha protini ya kimelea, kilichounganishwa na protini ya ganda la kirusi. Haina kimelea wala kirusi, na haiwezi kuleta magonjwa hayo."

Tofauti ya sentensi hizi ni tofauti ya kitu kizima na sehemu yake. Kiswahili kina maneno ya kuieleza. Kinachokosekana ni mtafsiri anayekijua kitu anachokitafsiri.

Aidha, ukweli usitiwe chumvi. Katika majaribio makubwa, dozi nne za RTS,S zilipunguza visa vya malaria kwa takribani 36% katika muda wa miaka minne, kwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17. Chanjo hupunguza hatari, haiifuti. Chandarua bado kinahitajika.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba uradidi, uambishaji na upatanifu wa irabu vinaweza kumfungulia msomaji mlango wa biolojia. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa sayansi kuandaa maelezo ya afya, na kuyasoma mbele ya wazazi kabla hayajachapishwa. Istilahi ambayo mzazi haielewi bado haijakamilika, hata ikiwa imo kamusini.