"Imekufa": Vitenzi vya Kuielezea Tarakilishi Inayokataa Kuanza

Mwanafunzi wa uzamili anapomwendea fundi akiwa na kipakatalishi kwapani, neno la kwanza kumtoka aghalabu huwa moja: "Imekufa." Fundi naye, pasipo maelezo zaidi, huenda akaishika dawa aliyoizoea, yaani kufuta kila kilichomo diskini na kuweka programu endeshi upya. Tarakilishi hufufuka. Sura tatu za tasnifu na rekodi za mahojiano ya nyanjani hazifufuki. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kitenzi *kufa* huficha hali tatu zilizo mbalimbali, na kwamba Kiswahili hakikosi vitenzi vya kuzitenganisha.

Ipo kwanza tarakilishi *isiyowaka*. Kitufe kinabonyezwa, lakini hakuna taa wala feni inayozunguka. Aghalabu hili ni tatizo la umeme, na tasnifu haimo hatarini. Soketi ijaribiwe kwa kifaa kingine, na chaja ibadilishwe kwa nyingine ya aina hiyohiyo. Ikiwa betri inatoka, itolewe, kitufe kishikiliwe kwa nusu dakika hivi ili chaji iliyosalia iishe, kisha mashine iwashwe kwa chaja pekee.

Ipo pia *inayowaka bila kuonyesha kitu*. Feni inavuma, taa zinamulika, ila skrini ni giza. Pengine milio husikika. Milio hiyo nayo ni lugha: kabla ya kuisoma diski, tarakilishi hujikagua, na isipoiona kumbukumbu ya muda hulalamika kwa milio ambayo idadi na maana yake hutegemea mtengenezaji. Huenda kibamba cha kumbukumbu kimelegea tu; kukichomoa mashine ikiwa imezimwa na kukirudisha barabara kunaweza kutosha. Skrini ya nje ikiunganishwa na picha ikaonekana, mshukiwa ni skrini.

Hali iliyo tata zaidi ni ya *kukwama*. Nembo inatokea, kisha mashine inaganda, inatoa skrini ya buluu, au inajizima na kujiwasha bila kikomo. Hapa ndipo tasnifu nyingi hupotelea, ilhali hapa ndipo pana matumaini mengi. Mfano mkubwa ulitokea 19 Julai 2024. Saa 1:09 asubuhi, kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya Marekani ya CrowdStrike, inayouza programu za usalama, ilisambaza faili yenye kasoro. Kwa makadirio ya Microsoft, tarakilishi zipatazo milioni 8.5 za Windows ziliathirika; safari za ndege zikafutwa, hospitali zikaahirisha matibabu. Faili hiyo iliondolewa saa 2:27, lakini mashine nyingi zilizokwisha kuipokea zilikuwa zimekwama, na mafundi wakalazimika kuziendea mojamoja. Tiba ilikuwa kuiwasha mashine katika hali salama, ambamo programu endeshi hupakia yaliyo ya lazima tu, kisha kuifuta faili ile moja. Diski haikuhitaji kufutwa. Pale ilipokuwa imefungwa kwa BitLocker, aghalabu ufunguo wa tarakimu 48 ulitakiwa kwanza, na si kila mtu aliyejua ulikohifadhiwa.

Mwanafunzi naye anaweza kuifikia hali salama. Windows 10 na 11 zikishindwa kuanza mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida hufungua zenyewe ukurasa wa ukarabati wenye njia ya kuingia huko. Hata hilo lisipofaulu, katika mashine nyingi diski hutolewa, ikaunganishwa na tarakilishi nyingine kwa waya wa USB, na faili zikanakiliwa. Kazi hii itangulie ukarabati wowote. Isipokuwa jambo moja: diski ya sahani ikitoa mlio wa kugongagonga, izimwe papo hapo, kwa maana kila dakika ya kuzunguka huweza kuikwaruza zaidi. Diski za kisasa zisizo na sahani hazitoi onyo la namna hiyo. Huweza kunyamaza ghafla.

Kwa hiyo maneno ya kumwambia fundi ni mengine kabisa: "Inawaka, nembo inatokea, kisha inakwama, ilianza jana baada ya kupokea masasisho. Toa faili zangu kwanza. Usiifute diski kabla sijaziona."