Dondoo Muhimu: Kabla ya kumwita mtaalamu wa nje kuhusu taka za sumu

Kwa wenye maduka na karakana za Darajani:

• Anza na ZEMA, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar. Ushauri wa mgeni hauondoi sheria ya hapa.

• Mtumie mtaalamu orodha kamili: aina, uzito na hali ya taka. Betri za gari zina risasi na tindikali. Tyubulaiti zina zebaki.

• Muulize taka zitaishia wapi. Zikipelekwa nchi nyingine, Mkataba wa Basel wa 1989, ambao Tanzania ilijiunga nao 1993, unataka nchi inayozipokea iridhie kwanza kwa maandishi.

• Ukisubiri, simamisha betri wima kwenye trei ya plastiki, chini ya paa. Tindikali usiimwage mtaroni.

Usilipe hata shilingi kabla ya kuona kibali cha kushughulikia taka hizo.