Juma la Pasaka Katika Mzunguko wa Wamethodisti

Krismasi haina shida kuihesabu. Kila mwaka huja tarehe 25 Desemba, na hata mtoto mdogo aijua. Pasaka sivyo. Mwaka 2008 iliangukia tarehe 23 Machi, na mwaka 1943 iliangukia tarehe 25 Aprili. Sababu ya kuhama kwake ni kwamba hufuata mwezi. Kwa hesabu ya kanisa, Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baada yake. Na kama mwezi mpevu wenyewe umeangukia Jumapili, hungojewa Jumapili ifuatayo. Basi Pasaka haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi, wala haiwezi kupita tarehe 25 Aprili. Hesabuni wenyewe, mtaona kwamba ziko siku 35 ambazo moja yake yaweza kuwa Pasaka.

Katika pwani ya Kenya siku hizo ndizo siku za masika kuanza. Mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha ghalani au yako karibu kwisha, na mapya ndiyo kwanza yanapandwa. Njia hujaa matope, na kijito ambacho watu walikivuka mwezi wa Februari pasipo kulowa nyayo huwa mto wa kumfika mtu kiunoni. Yakumbukeni mambo haya mawili, njaa na njia mbaya, maana yanahusika sana na habari tutakayosoma.

Kanisa la Kimethodisti halina mchungaji katika kila kijiji. Makanisa kadhaa hufungwa pamoja yakawa mzunguko mmoja, na mchungaji huyazunguka yote. Ndiyo maana ya jina hilo. Tuseme mzunguko una makanisa kumi na mawili na mchungaji mmoja. Jumapili za kawaida hilo halina taabu kubwa, kwa kuwa leo atakuwa hapa na juma lijalo atakuwa kule. Lakini Pasaka ni siku moja tu kwa wote. Makanisa kumi na mawili yanamtaka mtu mmoja, asubuhi moja, wakati wa mvua. Itakuwaje?

Jibu limeandikwa katika karatasi iliyobandikwa karibu na mlango wa kanisa. Karatasi hiyo ni orodha ya zamu za wahubiri, nayo kwa desturi hutengenezwa kwa miezi mitatu. Upande wa kushoto yamepangwa majina ya makanisa, juu zimepangwa tarehe za Jumapili, na katika kila chumba kidogo limeandikwa jina la mhubiri. Someni mstari wa Pasaka kutoka juu hata chini. Mtaona jina la mchungaji mara mbili au tatu tu. Majina mengine yote ni ya watu wasio wachungaji: mwalimu wa shule, fundi seremala, mama mkulima, karani. Hao wamefundishwa, wamejaribiwa na kukubaliwa kuhubiri, wala hawapokei mshahara kwa kazi hiyo.

Desturi hii ina asili yake. John Wesley, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1703, alikuwa kasisi wa Kanisa la Kiingereza. Yeye na ndugu yake Charles na rafiki zao walipokuwa Oxford walishika sala, masomo na kuwazuru wafungwa kwa utaratibu mkali, hata watu wakawacheka na kuwapa jina la Wamethodisti, yaani watu wa utaratibu. Jina la dhihaka likawa jina la heshima. Hapo mwanzo Wesley alidhani kwamba kuhubiri ni kazi ya makasisi peke yao. Yasimuliwa kwamba safari moja, alipokuwa mbali na London, alisikia kuwa kijana mmoja aliyeitwa Thomas Maxfield, ambaye si kasisi, ameanza kuhubiri mbele ya watu. Akarudi upesi ili amkataze. Mama yake, Susanna, akamwonya asifanye haraka, bali kwanza amsikilize kijana yule kwa masikio yake mwenyewe. Wesley alikuwa mtu mwenye elimu kubwa na mwenye kupenda kuamuru, lakini alimtii mama yake. Akaketi, akasikiliza, akamruhusu. Tangu hapo wahubiri wa namna hiyo wakaongezeka.

Jambo la pili lilianzia katika deni. Mwaka 1739 watu wa Wesley walijenga nyumba ya ibada katika mji wa Bristol, na fedha za kujengea hazikutosha. Siku ya 15 Februari 1742 wakakutana kushauriana jinsi ya kulipa. Nahodha mmoja, jina lake Foy, akashauri kila mtu atoe peni moja kwa juma. Mwingine akajibu kwamba wengi ni maskini, peni moja hawana. Foy akasema wampe yeye watu kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Atawaendea kila juma, na asiyekuwa na kitu atamlipia yeye mwenyewe. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo. Kumi na mmoja na kiongozi wao ni kumi na wawili, na peni kumi na mbili zamani zile zilikuwa shilingi moja ya Kiingereza. Basi kila darasa lilileta shilingi kwa juma.

Lakini faida kubwa haikuwa ile shilingi. Kiongozi aliyebisha hodi akitafuta peni aliona mambo ya nyumbani: huyu mgonjwa, yule amegombana na mkewe, yule ameanza tena ulevi, na huyu hana chakula. Akampasha Wesley habari. Wesley akaona kwamba amepata bila kukusudia kitu alichokitafuta siku nyingi, yaani njia ya kumjua kila mtu na kumtunza. Hata leo Wamethodisti hugawanywa katika madarasa, na kila darasa lina kiongozi wake. Msilichanganye na darasa la shule. Hili ni kundi la majirani.

Sasa tutoke Uingereza tuje kwetu, tuone jinsi taratibu hizi zilivyofika. Mwaka 1862 Johann Ludwig Krapf, ambaye zamani alikuwa Rabai, alirudi pwani pamoja na wamisionari wa Kimethodisti, wakaanza kazi Ribe, karibu na Mombasa. Wenzi wa safari ile waliugua, wakaondoka mmoja baada ya mmoja, na Krapf naye akarudi Ulaya. Thomas Wakefield akabaki. Charles New akaja mwaka 1863 kumsaidia. Ndiye aliyepanda mlima Kilimanjaro mwaka 1871 hata akaigusa theluji. Rebecca, mke wa Wakefield, alifika mwaka 1870 na kufa Ribe mwaka 1873. New alikufa mwaka 1875. Mwaka 1886 Pasaka ilikuja tarehe 25 Aprili, siku ya mwisho kabisa iwezekanayo. Na mwanzo wa Mei, siku chache tu baada ya sikukuu hiyo, John Houghton na mkewe waliuawa katika mashambulizi huko Golbanti, kando ya mto Tana, pamoja na watu wengine wa mahali pale.

Vitabu vingi huwataja wageni hao na kuishia hapo. Mimi naona habari iliyo kubwa zaidi ni ya wale waliobaki baada ya mazishi. Nani aliyepiga kengele Jumapili iliyofuata? Walikuwa Waribe, na Wagala wa Golbanti, na watu waliotoroka utumwa wakapata makao Ribe na Jomvu. Wengi wao majina yao hayakuandikwa, lakini kazi ilisimama. Mwaka 1912 ilifika Meru, na mwaka 1967 Kanisa la Methodisti la Kenya likawa na mamlaka yake lenyewe.

Hayo yakiwa yamefahamika, tulitazame juma lenyewe.

Kwaresima, ambayo ni siku arobaini bila kuhesabu Jumapili, humalizika kwa Juma Takatifu. Jumapili ya Matawi watoto hutangulia. Pwani hukata makuti mabichi ya mnazi. Bara, ambako mnazi haumei, huchukua majani mengine mabichi. Huenda wakiimba mpaka mlangoni, na mara nyingi wadogo huanza kupigana kwa makuti yao kabla ya sala ya kwanza. Jioni zinazofuata madarasa huweza kukutana nyumbani mwa watu, na Alhamisi hukumbukwa chakula cha mwisho cha Yesu na wanafunzi wake.

Ijumaa Kuu ni siku ya ukimya. Katika makanisa mengi husomwa maneno saba aliyoyasema Yesu msalabani, na kila neno huwa na msemaji wake. Hapa mwaona tena hekima ya utaratibu ule: kanisa la kijiji lisilo na mchungaji laweza kupata wasemaji saba kutoka miongoni mwa watu wake. Mzee aliyefiwa na mwanawe akisema habari za mama aliyesimama chini ya msalaba, husikilizwa kuliko mtu aliyesoma vitabu vingi.

Jumamosi ni siku ya mikono. Wanawake hufagia na kupamba, kitambaa cha zambarau cha Kwaresima huondolewa na cheupe hutandikwa, na makaburi hupaliliwa. Wasimamizi hutayarisha mkate na maji ya zabibu, maana kwa desturi ya Wamethodisti kinywaji cha Meza ya Bwana hakina kileo.

Alfajiri ya Pasaka watu hukusanyika kungali giza, kama wale wanawake walioliendea kaburi mapema na kulikuta wazi. Ibada ya alfajiri iliyo maarufu ilianza mwaka 1732 huko Herrnhut, Ujerumani, ambako vijana wa Kanisa la Wamoraviani walikwenda makaburini kabla ya mapambazuko, wakaimba kati ya wafu wao. Wesley alikitembelea kijiji hicho mwaka 1738, akajifunza mengi kwa Wamoraviani. Mwaka uliofuata, yaani 1739, ukachapwa wimbo wa Pasaka wa ndugu yake Charles, ambao hadi leo huimbwa katika nchi nyingi. Neno Haleluya mwisho wa kila mstari halikuwamo. Liliongezwa baadaye na wengine. Kwa maoni yangu waliolitia walifanya vema, kwa sababu bibi asiyejua kusoma huweza kungojea mwisho wa mstari akaimba kwa sauti yote.

Lakini katikati ya furaha hiyo kiongozi wa darasa huhesabu watu wake kwa macho. Yule mjane wa ng'ambo ya kijito hakuja. Je, ni maji, au ni ugonjwa, au hana nguo anayoiona yafaa? Baada ya ibada huenda kumtazama. Akipita nyumba ambayo jikoni hapatoki moshi siku ya Pasaka, hana haja ya kuuliza maswali. Kwa desturi ya kale ya Wamethodisti sadaka inayotolewa kwenye Meza ya Bwana hutengwa kwa ajili ya wahitaji, na hakuna wakati inapohitajiwa kuliko miezi hii ya ghala tupu. Kiongozi mwema hupeleka unga jioni, watu wasione, wala halitaji jambo hilo Jumapili ifuatayo. Ikiwa fedha za kanisa hazitoshi, hukumbuka ahadi ya yule nahodha wa Bristol, akatoa zake.

Jumatatu ya Pasaka ni siku ya mapumziko nchini Kenya. Kwaya hutembeleana, na watoto hucheza.

Limebaki swali moja la hesabu. Kuhubiri kwaweza kufanywa na wengi, lakini kwa kawaida kuumega mkate wa Meza ya Bwana ni kazi ya mchungaji aliyewekewa mikono. Makanisa ni kumi na mawili. Tuseme njia zikiwa nzuri mchungaji aweza kufika matatu kwa siku: moja asubuhi mapema, la pili kabla ya adhuhuri, la tatu alasiri. Basi atahitaji Jumapili nne kuyamaliza yote, na mto ukifurika zitakuwa tano. Je, kanisa la mwisho limenyimwa Pasaka? La. Kwa hesabu ya kanisa majira ya Pasaka huendelea siku hamsini, mpaka Pentekoste. Kitambaa cheupe bado kimetandikwa, na nyimbo bado ni zile zile. Kwa hiyo mchungaji akifika huko Jumapili ya tano, viatu mkononi na suruali imekunjwa mpaka magotini, atawakuta watu wamekwisha kuketi, mwalimu akiwaongoza katika wimbo wa kwanza, na mkate uko tayari mezani.