Betri ya Pikipiki: Kuichagua na Kuifunga kwa Kanuni za Sayansi

Mwaka 1857 wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika Kazeh, karibu na ulipo mji wa Tabora leo, wakiifuata njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji. Siku zile mizigo ilichukuliwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mzigo wa mpagazi mmoja aghalabu ulikuwa wa kilo 30 hivi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1859, Mfaransa Gaston Planté aliunda betri ya risasi iwezayo kuchajiwa tena. Leo mambo hayo mawili yamekutana. Katika nchi ile iliyopitiwa na misafara, pikipiki ndiyo impelekayo mgonjwa zahanati usiku na mrina asali sokoni, na nyingi ya pikipiki hizo hutumia betri ya ukoo uleule wa Planté.

Betri ikifa, mwenye pikipiki hukosa kazi. Ikinunuliwa bila kupima, hupoteza fedha. Ikitupwa ovyo, majirani hupoteza afya. Kwa hiyo yafaa tuijue.

Betri hufanyaje kazi?

Ndani ya betri ya volti 12 mna seli 6 zilizoungwa mfululizo. Kila moja hutoa volti 2.1 hivi ikiwa imejaa. Katika kila seli kuna mabamba ya aina mbili yaliyozama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji, ambayo mafundi huiita maji makali. Bamba chanya ni la dioksidi ya risasi, na bamba hasi ni la risasi yenyewe. Betri itoapo umeme, badiliko hili hutokea:

Pb + PbO₂ + 2H₂SO₄ → 2PbSO₄ + 2H₂O

Msomaji atambue mambo mawili. Kwanza, asidi hutumika na maji huzaliwa. Ndiyo maana haidromita huweza kutuonyesha hali ya betri. Densiti ya maji makali hushuka kutoka karibu gramu 1.27 kwa sentimita ya ujazo, betri ikiwa imejaa, hadi karibu 1.12 ikiwa imekwisha. Pili, mabamba yote mawili hufunikwa na salfeti ya risasi. Betri ikichajiwa mapema, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi ilikotoka. Ikiachwa majuma mengi bila chaji, hugeuka fuwele ngumu ambazo umeme hauwezi tena kuzivunja.

Je, betri ndogo ya volti 12 na saa-ampea 5 ina nishati kiasi gani? 12 × 5 × 3600 = jouli 216,000. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuuinua mzigo wa mpagazi kutoka pwani hadi kimo hicho kwahitaji 30 × 9.8 × 1,200, yaani jouli 352,800. Basi betri hiyo, yenye uzito wa kilo mbili hivi, ina nishati ya kuuinua mzigo ule zaidi ya nusu ya kimo cha safari.

Je, ni kweli betri imekufa?

Kabla ya kwenda dukani, hapana budi kupima. Iache betri itulie saa chache, kisha ipime kwa voltimita. Volti 12.6 au zaidi maana yake imejaa, volti 12.0 maana yake iko karibu kwisha. Ikiwa imekwisha, ichaji kwa mkondo usiozidi sehemu moja ya kumi ya uwezo wake: betri ya saa-ampea 5 yahitaji ampea 0.5. Ikijaa, kisha ikashuka tena siku ya pili bila kutumiwa, imechoka.

Halafu pima injini ikiwa inanguruma kwa kasi ya wastani. Kati ya ncha za betri iliyo nzima zapasa kuonekana volti 13.5 hadi 14.5. Zisipozidi 13, kasoro aghalabu imo katika koili ya kuzalisha umeme, katika regyuleta au katika waya. Betri mpya nayo itakufa vivyo hivyo. Zikizidi 15, regyuleta imeharibika, na maji ya betri yatakauka upesi.

Kuchagua betri mpya

Angalia kwanza volti. Pikipiki nyingi za leo hutumia 12, lakini baadhi ya zile za zamani hutumia 6. Pili, angalia saa-ampea. Maandishi kama 12N5-3B yaeleza mengi: 12 ni volti na 5 ni saa-ampea, herufi na tarakimu za mwisho huonyesha mpangilio wa ncha na umbo. Betri ambayo ncha yake chanya iko upande usiofaa italazimisha waya kuvutwa au kufungwa kinyume. Tatu, hakikisha kwamba vipimo vyake vyaingia barabara katika kisanduku chake.

Nne, uliza tarehe ya kutengenezwa, hasa kwa betri iliyokwisha kutiwa maji makali. Joto huharakisha mabadiliko ya kikemia. Betri iliyokaa kwenye rafu yenye joto hupoteza chaji ikiwa haijatumika hata siku moja. Wanunuzi wa Tabora wakumbuke hilo hasa miezi ya Septemba na Oktoba.

Kuifunga

1. Betri kavu itiwe maji makali hadi kati ya alama mbili za ubavuni, iachwe nusu saa au zaidi, kisha ichajiwe. Chajia mahali penye hewa, mbali na moto, kwani gesi ya haidrojeni itokayo huweza kulipuka. Linda macho na mikono. Asidi ikimwagika mwilini, osha kwa maji mengi mara moja.

2. Zima swichi. Fungua ncha hasi kwanza, kisha chanya. Sababu ni hii: fremu ya pikipiki imeungwa na ncha hasi. Ukianza na chanya, na spana ikagusa fremu, umeme hupita wote kwa mkupuo. Cheche huruka na chuma huungua.

3. Ingiza betri mpya na kaza mkanda wake juu ya mpira, kwa maana mtikisiko wa barabara mbovu huangusha unga wa mabamba. Elekeza mpira wa kutolea gesi chini, mbali na mnyororo, wala usipindwe.

4. Funga chanya kwanza, hasi mwisho. Fuata alama za + na −, si rangi ya waya peke yake. Paka ncha grisi kidogo.

Baadaye maji yakipungua, ongeza maji yaliyotoneshwa tu. Kilichopotea ni maji, asidi imebaki. Maji ya kisima yana chumvi ziharibuzo mabamba.

Betri kuukuu

Usiivunje wala usiyeyushe risasi yake nyumbani. Vumbi na moshi wa risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayaponi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kilifungwa mwaka 2014, wakazi wakiwa wamekwisha kudhurika. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliirudisha hukumu hiyo mwaka 2024. Irudishe betri yako, ikiwa nzima na maji yake ndani, kwa muuzaji apelekaye kwenye kiwanda chenye kibali.

Maswali

1. Taa ya wati 35 hutumia mkondo gani kwa volti 12? Kwa hesabu, betri ya saa-ampea 5 itaiwasha kwa muda gani injini ikiwa imezimwa? Kwa nini muda halisi huwa mfupi zaidi?

2. Fundi aongeza maji makali kila betri ipungukapo maji. Eleza densiti itakuwaje baada ya miezi michache.